Imeanguka asilimia nne: nyingi au kidogo? Jinsi ya kupima mtikisiko wa hisa ya Nvidia kwa jedwali la nyumbani

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Januari 2025, saa sita na robo, simu yangu iliita. Mdogo wangu yuko Minneapolis, kwake ilikuwa bado alasiri. "Dada, imeanguka asilimia nne." Hakusema ni nini kimeanguka na mimi sikuuliza. Sehemu ya akiba yake ya uzeeni ameiweka kwenye hisa za Nvidia, wale watengenezaji wa chipu za akili mnemba, na mimi ndiye mganga wake. Kosa langu ni kwamba nafanya kazi ya uhasibu, basi ukoo mzima unaamini kila chenye tarakimu nakijua.

Nikamuuliza, "Nne ni nyingi au ni kidogo?" Kimya. Nilimuuliza kwa ujeuri tu, maana hata mimi jibu sikuwa nalo.

Ninatunza hesabu za kampuni ya malori hapa Tanga. Dereva akichelewa dakika arobaini kutoka Dar es Salaam hakuna anayehangaika, kwa sababu tunajua safari ile huzidi na kupungua kiasi gani. Akichelewa nusu siku, hapo tunapiga simu Segera, Chalinze, kote. Hisa nayo ina kawaida yake ya kuyumba. Usipoijua, asilimia nne ni kelele tu. Ninachoeleza hapa ni jinsi ya kuipata kawaida hiyo mwenyewe, kwa Excel au jedwali la Google, kwa muda wa jioni moja. Kununua au kuuza utaamua wewe, mimi simo.

Kwanza bei, na mitego yake

Njia nyepesi ni jedwali la Google. Fungua jedwali jipya, kwenye kisanduku A1 andika:

=GOOGLEFINANCE("NASDAQ:NVDA","close",DATE(2024,12,2),DATE(2025,8,29),"DAILY")

Zitashuka safu mbili: A ina tarehe, B ina bei ya kufunga. Mimi siku ya kwanza sikuijua fomula hii. Nilipakua faili la bei za nyuma kutoka tovuti ya Nasdaq (soko la hisa la New York inakouzwa Nvidia), nikanasa kwenye mitego mitatu mfululizo.

Faili lile limepangwa siku mpya juu, za zamani chini. Ukipiga hesabu ukidhani mstari wa juu ndio jana, kila kupanda kutasomeka kushuka. Ligeuze kwanza. Pili, bei zimeandikwa pamoja na alama ya dola, na kompyuta nyingine inaziona kama maneno, si namba. Ifute alama hiyo kwa kutafuta na kubadilisha. Hayo mawili niliyaona upesi.

La tatu lilinila usiku mzima. Wamarekani wanaanza na mwezi, ndipo siku. 04/07/2025 kwao ni tarehe 7 Aprili, lakini kompyuta yangu, iliyozoea mpangilio wetu, ikaisoma 4 Julai. Nikaona kwenye jedwali kwamba tarehe 4 Julai Nvidia ilifunga dola 97.64, wakati msimu ule ilikuwa juu ya 150. Nilikaribia kumpigia mdogo wangu. Kilichoniokoa ni kukumbuka kwamba 4 Julai ni sikukuu ya uhuru wao, na soko hufungwa. Bei ilitoka wapi siku ambayo hakuna biashara? Kumbe kila tarehe isiyozidi 12 ilikuwa imehamia mwezi mwingine, na zile zilizozidi 12 zimebaki maneno matupu. Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote, tafuta kwenye safu ya A tarehe 4 Julai. Ukiikuta, faili lako limevurugika.

Kuna mtego mwingine, wa hisa kugawanywa. Ijumaa ya 7 Juni 2024 hisa moja ya Nvidia ilifunga dola 1,208.88. Jumatatu ya tarehe 10 ikafunga 121.79. Hakuna aliyefilisika. Kampuni iligawanya kila hisa kuwa kumi, kama unavyovunja noti ya elfu kumi kuwa za elfu moja. Badiliko la kweli la siku ile lilikuwa kupanda kwa asilimia 0.75. Vyanzo vingi hurekebisha bei za nyuma, lakini ukichanganya faili la zamani na jipya utapata "anguko" la asilimia 90. Gawio usilihangaikie, kwa hisa hii mwaka 2025 lilikuwa senti moja ya dola kila robo mwaka.

Na saa. Soko la New York linafungua kwetu saa kumi na nusu jioni na kufunga saa tano usiku wakati wao wamesogeza saa mbele, Machi hadi mwanzo wa Novemba. Miezi mingine ni saa kumi na moja na nusu hadi saa sita usiku. Ukichukua bei kabla ya hapo, hiyo si bei ya kufunga.

Badiliko la siku

Kisanduku C3 andika =B3/B2-1, kisha uiburute hadi chini. Ipe sura ya asilimia. Hilo ndilo badiliko la siku, na kila kitu kinachofuata kinatoka hapo.

Nakuonyesha wiki moja na nusu ninayoipenda kuliko zote. Tarehe 2 Aprili 2025 soko lilipofunga, hisa ilikuwa dola 110.42. Jioni ile Trump akatangaza ushuru kwa karibu dunia nzima.

3 Aprili: 101.80, imeshuka 7.81%
4 Aprili: 94.31, imeshuka 7.36%
7 Aprili: 97.64, imepanda 3.53%
8 Aprili: 96.30, imeshuka 1.37%
9 Aprili: 114.33, imepanda 18.72%
10 Aprili: 107.57, imeshuka 5.91%
11 Aprili: 110.93, imepanda 3.12%

Tarehe 9 ndiyo siku ushuru mwingi uliposimamishwa kwa siku 90. Sasa soma mstari wa mwisho na ule wa mwanzo: 110.42 hadi 110.93. Aliyelala siku zote hizo akaamka tarehe 11 angesema hakujatokea kitu, imeongezeka chini ya nusu asilimia. Lakini wastani wa hatua ya kila siku, bila kujali juu au chini, ulikuwa karibu asilimia 7. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba umbali iliofika hisa na mtikisiko wa njiani ni vitu viwili, kila kimoja na safu yake.

Zijumlishe asilimia zile saba kama unavyojumlisha manunuzi ya sokoni: utapata kupanda kwa 2.92. Wakati ukweli ni 0.46. Imepotelea wapi hiyo mbili na nusu? Haijapotea, haikuwepo. Hisa ya 100 ikishuka asilimia 20 inakuwa 80, na ikipanda asilimia 20 inakuwa 96. Asilimia za siku tofauti hazijumlishwi, kwa sababu kila moja inakata kwenye bei nyingine. Kadiri hatua zinavyokuwa kubwa, ndivyo jumla hiyo inavyokudanganya. Ukitaka safu inayojumlishika, tumia logi (logarithimu), kisanduku D3: =LN(B3/B2). Za siku zile saba zikijumlishwa zinatoa 0.0046, sawasawa na ukweli. Mimi naweka zote mbili. Ya asilimia naisoma kwa macho, ya logi naijumlisha.

Kipimo cha kawaida

Sasa tunatafuta hatua ya kawaida. Walimu wa hesabu wanaita mchepuko wastani: siku kwa siku, badiliko linaenda mbali na wastani wake kiasi gani. Excel inakufanyia. Kisanduku E23 andika =STDEV(C3:C23). Hizo ni siku 21 za biashara, kama mwezi mmoja wa kalenda. Buruta kwenda chini, na kila mstari utakuwa na kipimo cha mwezi wake.

Utakuta watu wanataja mtikisiko wa mwaka. Wanachukua kile cha siku wanazidisha kwa kipeuo cha pili cha 252 (namba ambayo ikijizidisha yenyewe inatoa 252), yaani 15.87, kwa kuwa mwaka wa soko lao una siku kama 252 za biashara. Asilimia 3 kwa siku inakuwa karibu 48 kwa mwaka. Ni vizuri kujua ili usichanganyikiwe ukisoma magazeti, ila kwa kazi yetu cha siku kinatosha.

Kisha safu ya F, ambayo ndiyo niliyomtengenezea mdogo wangu. F24: =ABS(C24)/E23. Leo gawanya kwa kipimo cha mwezi ulioishia jana. Jibu ni "mara ngapi ya kawaida". Angalia vizuri kwamba ni E23, si E24. Ukiiweka leo ndani ya kipimo kinachoipima leo, siku kubwa inajifunika yenyewe. Jumatatu ya 27 Januari 2025, habari za DeepSeek, kampuni ya China, zilipoenea kwamba akili mnemba nzuri inaweza kutengenezwa kwa gharama ndogo, Nvidia ilitoka 142.62 hadi 118.42. Imeshuka asilimia 16.97, na thamani ya kampuni ikapungua karibu dola bilioni 589 kwa siku moja. Ukigawa kwa kipimo cha mwezi uliotangulia, kilichokuwa karibu asilimia 3, ni karibu mara sita. Ukiiingiza siku yenyewe kwenye kipimo, inashuka hadi mara tatu na kitu. Mwizi amekaa kwenye baraza la wazee wanaomhukumu.

Na ile asilimia nne ya simu ya usiku? Tarehe 28 hisa ilikuwa imeruka 8.93%, tarehe 29 ikashuka 4.10%, kutoka 128.99 hadi 123.70. Kwa kipimo cha kabla ya Jumatatu ile, ni mara moja na kidogo. Kwa kipimo cha usiku ule, ambacho tayari kilikuwa kimepanda hadi karibu asilimia 5, haikufika hata mara moja. Yaani katika wiki ile, nne lilikuwa jambo la kawaida. Ya Jumatatu ndiyo iliyostahili simu, na siku hiyo hakupiga. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa hata kuifungua programu.

Usitegemee kengele ya vitabuni, ule mchoro wenye umbo la kengele unaosema siku za mara tatu ni nadra na za mara tano haziji. Kwa hesabu ya kengele, siku ya mara tano ingehitaji maelfu ya miaka ili itokee mara moja. Nvidia ilianguka zaidi ya asilimia 18 tarehe 16 Novemba 2018, ikaanguka tena zaidi ya 18 tarehe 16 Machi 2020 wakati wa korona, kisha hiyo 17 ya Januari 2025. Tatu ndani ya miaka isiyotimia saba. Siku nyingi za hisa ni ndogo kuliko kengele inavyosema, na chache ni kubwa kuliko inavyoruhusu.

Dirisha linalojifungia

Kipimo cha siku 21 kina kichekesho chake, na nimekiona kwa macho. Siku ya 27 Januari ilikaa ndani ya dirisha la siku hizo 21 hadi 25 Februari. Tarehe 26 ikatoka nje. Siku hiyo safu ya E ikashuka kutoka karibu 5 hadi tatu na kitu, kana kwamba bahari imetulia. Hakuna kilichotulia, ni siku moja tu imevuka mlango. Na jioni ya tarehe 26 hiyo hiyo, baada ya soko kufunga, Nvidia wakatangaza matokeo yao ya robo mwaka. Kesho yake hisa ikaanguka asilimia 8.5. Mara mbili na nusu ya kipimo kilichokuwa kimetoka kutulia jana yake!

Tangu hapo naweka kipimo cha pili kando yake, cha siku 63, ambazo ni kama robo mwaka. Kifupi kikiachana sana na kirefu, nahesabu siku nyuma kuona ni nini kimeingia au kimetoka.

Kinachojirudia na kisichojirudia

Jaribio hili fanya, litakuokoa na wauza siri wa Telegram. Andika =CORREL(C4:C180,C3:C179). Unauliza: jana ilipopanda, leo hupanda? Jibu huwa karibu na sifuri, yaani hakuna uhusiano. Mwelekeo wa jana haukwambii mwelekeo wa leo. Halafu tengeneza safu ya G yenye =ABS(C3), ukubwa bila alama, na uirudie fomula ileile kwa G. Namba inapanda waziwazi juu ya sifuri. Ukubwa ndio unaorithiwa, mwelekeo hapana. Siku kubwa huja na ndugu zake, wengine wakiwa juu, wengine chini, kama ulivyoona Aprili. Jambo hili mwanahisabati Benoit Mandelbrot aliliandika mwaka 1963 akichunguza bei za pamba, kabla Nvidia haijazaliwa.

Jaribio hilo usilifanye kwa hisa ambayo haiuziki kila siku. Ninazo chache za soko la Dar es Salaam, na kuna wiki bei haisogei hata shilingi. Safu inajaa sifuri na kipimo kinatoka kidogo sana. Ukidhani huo ni utulivu umejidanganya, ni kwamba tu hakuna aliyenunua.

Usiku na mchana

Bei ya kufunga inaficha mambo mawili. La kwanza ni yaliyotokea katikati. 7 Aprili inasomeka kupanda asilimia 3.53, siku njema. Lakini siku ile hisa iligusa 86.62, chini ya bei ya jana yake kwa zaidi ya asilimia 8, kabla ya uvumi wa kusitishwa ushuru, ambao haukuwa wa kweli, kuirusha juu. Ukiweza, chukua na safu za bei ya juu kabisa na ya chini kabisa za siku, utoe moja kwa nyingine, ugawe kwa bei ya jana.

La pili ni usiku. Nvidia hutangaza matokeo baada ya soko kufunga, kwetu ni usiku wa manane. Tarehe 24 Mei 2023 ilifunga 305.38, kabla ya ule mgawanyo wa kumi kwa moja. Ikatangaza kwamba inatarajia mauzo ya dola bilioni 11 katika robo inayofuata. Kesho yake ilifungua tayari imepita 380, ikafunga 379.80, kupanda asilimia 24. Karibu yote ilitokea watu wamelala. Aliyesikia habari akanunua kengele ya kufungua soko ilipolia hakupata hata moja ya hizo 24. Kwa hiyo gawanya siku vipande viwili: bei ya kufungua gawa kwa kufunga kwa jana, toa moja, huo ni usiku. Kufunga gawa kwa kufungua kwa leo, toa moja, huo ni mchana. Siku nne za matokeo kwa mwaka zipake rangi yake, usizichanganye na nyingine unapotafuta kawaida.

Jedwali nimempelekea mdogo wangu. Safu ya F ikizidi mbili inageuka nyekundu, hiyo ameitengeneza mwenyewe. Simu za saa sita usiku zimekatika. Sasa ananipigia saa kumi na mbili asubuhi, chai haijachemka, kuuliza kwa nini kisanduku kimeandika ##### na kama ndiyo soko limeanguka. Panua safu, mdogo wangu, namba haijaenea.